Uhakiki: Lenneberg na Ubongo wa Mtoto Mwenye Kifafa

Kila aliyesoma kozi ya isimu-saikolojia katika idara yetu anamkumbuka Eric Lenneberg. Katika kitabu chake, Biological Foundations of Language (1967), alidai kuwa mtoto anapoanza kujifunza lugha, nusu mbili za ubongo wake huwa na uwezo sawa. Kisha lugha hujikita upande wa kushoto hatua kwa hatua hadi kubalehe. Kitabu hiki kina sifa ya kuifungamanisha isimu na elimu ya viumbe. Hata hivyo, dai hilo tunalikariri mno bila kulipima.

Kipimo kipo, nacho kimetokana na wagonjwa wa kifafa. Mwaka 1949 Juhn Wada alieleza mbinu ya kuilaza nusu moja ya ubongo kwa dawa ipitishwayo katika mshipa wa shingo, ili madaktari wajue kabla ya upasuaji lugha iko upande gani. Mwaka 1977 Rasmussen na Milner, wa Montreal, walitoa matokeo yao. Miongoni mwa watumiao mkono wa kulia ambao hawakujeruhiwa upande wa kushoto wa ubongo utotoni, asilimia 96 walikuwa na lugha kushoto. Kwa wenzao waliojeruhiwa mapema, bado asilimia 81 walikuwa nayo kushoto. Kwa majeruhi watumiao mkono wa kushoto au yote miwili, ni asilimia 28 tu. 53 walikuwa nayo kulia, na 19 pande zote mbili.

Basi Lenneberg alikuwa sahihi kwamba lugha ya mtoto yaweza kuhama. Lakini kama nusu hizo zingekuwa sawa kabisa, kwa nini lugha ing'ang'anie upande ulioumia?

Tena, si kila tatizo ni jeraha. Mwaka 1957 Landau na Kleffner walieleza watoto waliokwisha kusema vizuri, kisha wakapoteza lugha pamoja na kupata kifafa. Mtoto wa namna hii husikia sauti lakini haelewi maneno. Wengine hata hawaanguki.

Hapa ndipo nadharia inapogusa darasa. Mwalimu aliyefunzwa kwamba ubongo wa mtoto hujirekebisha wenyewe atangoja, au atamwita mtoto huyo mkaidi. Tunaowaandaa walimu tumfundishe Lenneberg, ila pamoja na takwimu hizi. Na tuwaambie wanafunzi wetu kuwa mtoto anayepoteza lugha apelekwe hospitali mapema.