Timu Ina Miguu, Uwanja Hauna

Kada wa Chama hapaswi kuona haya kuzungumza juu ya mpira. Wako wanaodhani kwamba jarida la nadharia ni mahali pa kujadili kilimo, viwanda na umilikaji wa ardhi tu, na kwamba habari za Simba na Yanga ziachiwe kurasa za nyuma za magazeti. Fikra hiyo si sahihi. Popote fedha ya umma inapoingia, na popote jasho la wengi linapogeuka kuwa faida ya wachache, hapo pana siasa, hata kama mahali penyewe pamezungushiwa majukwaa na kupandwa nyasi.

Swali tunalotaka kulihakiki ni hili: je, ni haki Serikali, Halmashauri au Chama kutumia mali ya umma kujenga na kukarabati viwanja ambavyo watumiaji wake wakuu ni timu za mpira wa kulipwa? Tutalitazama swali hilo tukiwa tumesimama Manundu, kata ya Mji wa Korogwe, mkoani Tanga. Hatukuichagua Manundu kwa sababu ina uwanja wa Ligi Kuu, bali kwa sababu hauko. Mtu wa Manundu anayetaka kuitazama ligi hiyo kwa macho yake, uwanja wa mkoa wake ni Mkwakwani, Tanga mjini, mwendo wa kilomita 100 hivi. Siku ya mechi ya watani wa jadi, vijana hujazana katika vibanda umiza, hulipa kiingilio, huketi juu ya mabenchi, na kutazama kwenye kioo nyasi ambazo nao wamezilipia. Wamezilipia kwa kodi iliyomo ndani ya sabuni, sukari na muda wa maongezi. Kwa hiyo mtu wa Manundu ni mwenye mali, ingawa hakuna aliyempa hati.

Tulikotoka

Kila jambo lina historia yake, na asiyejua historia ya jambo hulihukumu vibaya. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, michezo nchini iliendeshwa kwa msimamo wa ridhaa. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria iliyounda Baraza la Michezo la Taifa. Mchezaji alikuwa mfanyakazi, mkulima, askari au mwanafunzi kwanza, na mchezaji baadaye. Timu ilikuwa chama cha watu wa mahali fulani. Ndiyo maana ubingwa ulifika mikoani: Mseto ya Morogoro ilitwaa ubingwa mwaka 1975, Tukuyu Stars mwaka 1986, na Coastal Union ya Tanga mwaka 1988.

Katika hali hiyo wananchi walijenga viwanja kwa michango na kwa nguvu zao. Kirumba ya Mwanza, Sokoine ya Mbeya, Sheikh Amri Abeid ya Arusha, Majimaji ya Songea, Mkwakwani ya Tanga, na vingine vingi vikawa chini ya Chama. Wakati ule hakuna aliyeuliza uwanja ni wa Chama au ni wa wananchi, kwa kuwa chama kilikuwa kimoja, na jembe la kujitolea halikuuliza kadi. Uwanja ulitumika kwa mpira, kwa gwaride, kwa halaiki na kwa mkutano wa hadhara. Mali ya umma ilitumika kwa shughuli za umma. Hapakuwa na mgongano.

Mgongano umezaliwa na mabadiliko ya mpira wenyewe. Leo mchezaji ana mkataba na bei. Mwaka 2017 Simba ilikubali mwekezaji kwa shilingi bilioni 20, na utaratibu wa Serikali ukaweka kwamba mwekezaji asizidi asilimia 49, wanachama wabaki na 51. Mwaka 2021 haki za kuonyesha Ligi Kuu kwa televisheni ziliuzwa kwa mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Hatusemi hayo kwa kulaumu. Mchezaji ni mfanyakazi, na mfanyakazi anastahili ujira wake; zama zile baadhi ya wanasoka wetu bora walizeeka mikono mitupu. Tunachosema ni kwamba timu imehama kutoka uwanda wa ridhaa kwenda uwanda wa biashara, lakini gharama ya jukwaa lake inaendelea kubebwa kana kwamba bado ni ya ridhaa. Faida imebinafsishwa, gharama imebaki ya ujamaa. Huo ndio ujamaa uliosimama kichwa chini, miguu juu.

Hoja za watetezi

Watetezi wa viwanja vya fedha za umma wanazo hoja tatu, nazo zinastahili kujibiwa kwa heshima.

Hoja ya kwanza ni ya uchumi: uwanja utaleta wageni, hoteli, ajira na biashara. Ni kweli kwamba siku ya mechi mama lishe huuza na bodaboda hupata abiria. Lakini fedha anayoitumia mtu wa mjini uwanjani siku hiyo, sehemu yake kubwa angeitumia mahali pengine palepale mjini. Imebadilisha mfuko tu. Wachumi wa Marekani, waliolichunguza jambo hili kwa miongo mingi, kwa sehemu kubwa wamefikia neno moja: viwanja vya timu za kulipwa havirudishi kwa umma gharama ambayo umma uliitoa.

Hoja ya pili ni ya fahari ya taifa. Hii ni hoja nzito zaidi. Uwanja wa Taifa uliofunguliwa mwaka 2007, wenye nafasi za watu 60,000, uliojengwa kwa kiasi cha dola milioni 56 za Marekani kwa msaada mkubwa wa China, na ambao tangu 2020 unaitwa Benjamin Mkapa, umelipa taifa kitu ambacho daftari halikipimi. Agosti 2025 uwanja huo ulifungua michuano ya CHAN, na Taifa Stars ikafika robo fainali. Furaha ile ilifika Manundu bila nauli. Hatuko tayari kusema kwamba furaha ya wavujajasho ni anasa. Lakini Taifa Stars ni ya taifa, na klabu si taifa. Tukikubali uwanja kwa jina la timu ya taifa, kisha kwa sehemu kubwa ya mwaka ukatumiwa na klabu za biashara, basi swali la kodi ya pango na mgawo wa mapato ni lazima liulizwe, tena kwa sauti.

Hoja ya tatu ni kwamba hakuna mwingine mwenye uwezo. Hoja hii imejibiwa na vitendo. Azam ilijijengea uwanja wake Chamazi, na msimu wa 2013/14 ikatwaa ubingwa bila kufungwa hata mechi moja. Basi klabu zenye wafadhili, matangazo, na mamilioni ya mashabiki haziwezi kudai kwamba kujenga ni muujiza. Hakika kinachokosekana si uwezo. Ni sababu ya kujisumbua, maadamu mali ya umma ipo.

Somo la ugenini na la nyumbani

Fikra hii ya kuwajengea matajiri viwanja ilikomaa Marekani, kwa hiyo huko ndiko pa kwenda kuitazama ikiwa imezeeka. Mji wa Milwaukee ulijenga uwanja kwa fedha za umma ili kuvuta timu kubwa ya besiboli. Mwaka 1953 timu ya Braves ikahamia pale kutoka Boston. Mwaka 1957 ikawa bingwa, na mji ukasherehekea. Baada ya msimu wa 1965 wenye timu wakaihamishia Atlanta, ambako kulikuwa kumejengwa uwanja mwingine. Milwaukee ikabaki na zege. Huko Seattle, uwanja uliofunguliwa mwaka 1976 ulibomolewa kwa baruti mwaka 2000, na deni lake likaendelea kulipwa kwa kodi hadi 2015. Walipa kodi walilipia uwanja ambao watoto wao hawakuukuta.

Msomaji asiseme kwamba hayo ni ya mabepari wa mbali. Tunalo la kwetu. Ihefu ilikuwa timu ya Mbarali, mkoani Mbeya, nchi ya wakulima wa mpunga. Novemba 2022, katika uwanja wake wa Highland Estate, iliifunga Yanga mabao 2 kwa 1 na kukata mfululizo wa mechi 49 za ligi ambazo Yanga haikuwa imefungwa. Mwaka 2024 timu hiyo ilikuwa imehamia Singida, na jina lake likawa Singida Black Stars. Hakuna sheria iliyovunjwa. Mwenye mali amehamisha mali yake. Mkulima wa Mbarali, aliyekuwa akiiita timu yetu, ndipo alipojifunza maana ya neno "yetu" katika mpira wa kulipwa.

Hapa ndipo ilipo kanuni tunayotaka makada waishike: timu ina miguu, uwanja hauna. Mtaji huhama kwenda kwenye faida. Zege haliwezi kuufuata. Kwa hiyo anayeweka fedha ya umma katika uwanja kwa ajili ya timu fulani amefunga ng'ombe wa wananchi kwenye gari la mtu mwingine. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Sawa. Lakini kwanza tuhakikishe kwamba huyo anayetunzwa kweli yuko kwao.

Kujikosoa

Uhakiki usiomgusa mhakiki ni umbea. Lazima tuseme la Chama chenyewe. Viwanja vya mikoani vilijengwa na watu wote wakati wa chama kimoja. Mwaka 1992 nchi ikaingia katika vyama vingi, na viwanja vikabaki mikononi mwa Chama. Hatubishani hapa juu ya hati. Tunazungumza juu ya deni. Kama mzee aliyebeba mawe akijenga uwanja leo ana kadi nyingine au hana kadi kabisa, jasho lake halikufutika. Na sisi tuliokabidhiwa jasho hilo hatukulitunza ipasavyo: baadhi ya viwanja vimewahi kufungiwa kwa ubovu wa sehemu ya kuchezea, na majukwaa mengine yamechakaa machoni petu. Ubovu ukizidi, tunaigeukia Serikali. Huko ni kuchanganya mfuko wa Chama na mfuko wa umma, kosa ambalo wakati wa chama kimoja lilieleweka, lakini leo halina utetezi.

Kosa la pili ni kuipima michezo kwa majiji. Mwaka 2021 Serikali ilisamehe kodi ya ongezeko la thamani kwa nyasi bandia za viwanja vya mpira, na msamaha huo ulianza na viwanja vya majiji. Kodi iliyosamehewa ni fedha ya umma iliyotumika bila kelele. Mwaka huohuo iliamuliwa kwamba sehemu ya mapato ya Serikali kutokana na michezo ya kubashiri iende katika Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Wanaobashiri wako hata Manundu. Mikeka yao imechangia mfuko. Ni haki waulize mfuko umechangia nini katika kiwanja cha shule ambako wadogo zao wanacheza. Na mwaka 2024 ulitiwa saini mkataba wa zaidi ya shilingi bilioni 280 wa kujenga uwanja mpya Arusha kwa ajili ya fainali za Afrika za 2027, ambazo nchi yetu ilipewa pamoja na Kenya na Uganda. Fainali ni za mwezi mmoja. Swali la nadharia na la vitendo ni uwanja huo utakuwa wa nani mwezi wa pili.

Msimamo wetu

Hatutaki viwanja vifungwe wala klabu zifukuzwe. Tunapendekeza mambo manne. Kwanza, fedha ya umma ianze na kile kisichohama: kiwanja cha shule na cha kata, ambacho Ligi Kuu hupata wachezaji wake bila kukilipa chochote. Pili, klabu ya kulipwa itumiapo uwanja wa umma ilipe pango linalolingana na biashara yake, na mkataba ubandikwe hadharani. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tatu, shilingi ya umma isiingie katika uwanja wa Chama bila umma kupata haki iliyoandikwa, yaani siku za shule, siku za wanawake, siku za mchangani, na sehemu ya mapato. Chama kisipotaka sharti hilo, kikarabati kwa fedha yake. Nne, timu ikihama, aliyeihamisha arudishe gharama ambazo umma uliingia kwa ajili yake, na sharti hilo liandikwe kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, si baada ya lori la mwisho kuondoka.

Ndugu makada, na ninyi wanafunzi mtakaoshika dhamana kesho, mtakapoletewa mchoro wa uwanja wenye rangi za kupendeza, msianze kwa kuhesabu viti. Kaeni kwanza na mlipa kodi wa Manundu. Mwulizeni ni lini mtoto wake ataikanyaga nyasi hiyo kwa miguu yake mwenyewe. Mchoro usiokuwa na jibu la swali hilo urudishwe mezani ukachorwe upya.