Adapta na Idhini: Jinsi Magari ya Ford Yalivyoingia katika Vituo vya Tesla

Tarehe 29 Februari 2024, wenye magari ya umeme ya Ford katika Marekani na Kanada walifunguliwa vituo vya kuchajia vya Tesla, ambavyo tangu kuasisiwa kwake mwaka 2012 vilikuwa, isipokuwa vichache, milki ya magari ya Tesla peke yake katika nchi hizo. Kilichoonekana kwa macho ni adapta ya plastiki na shaba inayoenea mkononi, na wengi wakadhani kwamba siri yote imo humo. Walakini aliyeifuatilia kazi ile tangu mwanzo wake atakiri kuwa adapta ilikuwa sehemu nyepesi, na kwamba uzito wenyewe ulikuwa katika mambo mawili yasiyoshikika, nayo ni namna gari na chaja zinavyosemezana, na idhini ya mwenye kituo.

Tuanze na umbo. Gari la Ford la wakati ule lina soketi ya CCS, ambayo sehemu yake ya juu ina pini tano, mbili za mkondo geu, yaani umeme wa majumbani, moja ya waya wa ardhini na mbili za ishara, na chini yake zipo pini mbili nene za mkondo mnyofu, uingiao katika betri moja kwa moja. Plagi ya Tesla ni ndogo kuliko hiyo, kwa kuwa pini zake mbili kubwa hupitisha mikondo yote miwili, kila mmoja kwa wakati wake. Basi kazi ya adapta ni kuziunganisha pini hizo mbili kubwa na zile mbili za chini za gari, kupeleka waya wa ardhini kwa mwenziwe na ishara kwa ishara, na kuziacha pini za mkondo geu bila ya kuunganishwa na kitu. Adapta hii si mkalimani: haifasiri neno lolote, bali huyapitisha maneno kama yalivyo.

Wepesi huo usimghuri mtu akanunua adapta yoyote aionayo sokoni. Mkondo geu wa Marekani hupita sifuri mara 120 katika kila sekunde, na kila upitapo, cheche hupata nafasi ya kuzimika. Mkondo mnyofu haupiti sifuri kamwe, na mwenye kuchomoa plagi hali ampea mamia zinapita huzaa mwali mkali usiokatika upesi. Kwa sababu hiyo adapta sharti ishikwe barabara na soketi ya gari upande mmoja na plagi upande wa pili, isichomoke mpaka umeme ukome, na aghalabu huwekewa kipimajoto ndani ili joto likizidi, umeme upunguzwe au ukatwe.

Sasa tuje kwenye mazungumzo. Plagi ya CCS inapoingia, chaja hutuma katika waya wa ishara mapigo 1,000 kwa sekunde, yapandayo na kushuka kati ya volti 12 chanya na 12 hasi. Kila pigo likiwa juu kwa asilimia 5 tu ya muda wake, gari hufahamu kwamba yatafuata mazungumzo ya kidijitali katika waya ule ule. Hapo gari hutaja volti na ampea linazotaka, chaja hukagua kama umeme hauvuji, kisha huipandisha volti yake hata ilingane na ya betri, ndipo swichi za gari zifungwe na kuchaji kuanze. Chaja za Tesla za kizazi cha pili, zenye kilowati 150, hazikuijua lugha hii, maana zilisema na magari ya Tesla kwa lugha yao wenyewe. Za kizazi cha tatu, zilizotoka mwaka 2019 zikiwa na kilowati 250, ziliweza kuisema. Kwa hiyo adapta ile ile, katika kituo cha zamani, itaingia vizuri na umeme usipite hata kidogo.

Ulaya inatupa dalili ya jambo la pili, yaani idhini. Huko Model 3 ya Tesla ilifika mwaka 2019 ikiwa na soketi ya CCS, sawa na magari ya wengine, wala hapakuhitajiwa adapta. Hata hivyo magari ya wengine hayakupata umeme mpaka Novemba 2021, Tesla ilipofungua vituo 10 vya Uholanzi kwa majaribio. Kilichokosekana si shaba, bali ni ruhusa na njia ya kulipa. Marekani nako mambo yalikwenda kwa mikataba: Novemba 2022 Tesla iliutangaza hadharani mchoro wa plagi yake na kuiita NACS, Mei 2023 Ford ikapatana nayo, General Motors ikafuata mwezi Juni, na Desemba chama cha wahandisi cha SAE kikachapisha kanuni zake kwa jina la J3400.

Kasoro zilibaki. Kebo za kizazi cha tatu ni fupi, zimepimwa kwa magari yenye soketi nyuma kushoto, ilhali Mustang Mach-E ya Ford ina soketi mbele kushoto, na mara nyingi hulazimika kuziba nafasi mbili. Chaja hizo hazivuki volti 500, kwa hiyo gari la volti 800 kama Hyundai Ioniq 5 hulazimika kujipandishia volti lenyewe. Oktoba 2024 Ford iliwataka wateja waache kutumia baadhi ya adapta zake na kuzibadilisha, kwa hofu ya soketi kuharibika.

Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam aliyeagiza Nissan Leaf iliyotumika kutoka Japani ana mtihani mgumu zaidi, kwani soketi yake ya CHAdeMO husema lugha nyingine kabisa, na adapta ya kuiunganisha na chaja ya CCS ni lazima iwe na kompyuta ya kufasiri ndani yake. Kabla ya kutoa fedha, na aulize adapta hiyo ni ya mkondo gani, inafasiri au inapitisha tu, na kama mwenye kituo anairuhusu. Akikosa jibu la moja katika hayo, asinunue.