Mkono Unaomchora Miles Morales

Katika filamu ya kwanza ya Spider-Verse, iliyotoka Desemba 2018, Miles Morales na Peter B. Parker wanakimbia msituni na kompyuta waliyoiiba, nyuma yao kuna watu wenye silaha. Peter, Spider-Man wa ulimwengu mwingine, anarusha utando na kupita katikati ya miti kwa wepesi wa mtu aliyeifanya kazi hiyo zaidi ya miaka 20. Miles, ambaye nguvu zake ni za juzi tu, anagonga matawi, utando wake haushiki, anahema. Mtazamaji yeyote ataona nani anajua na nani hajui. Kinachoweza kumpita ni kwamba tofauti yao haiko kwenye miruko peke yake. Iko pia kwenye hesabu ya picha.

Sekunde moja ya filamu ni picha 24. Katika katuni nyingi za kompyuta mwili wa mhusika hubadilika katika kila picha, ndiyo maana hutembea kwa ulaini usio na mkwaruzo. Wahuishaji wa Sony Pictures Imageworks waliamua vingine. Peter anapewa mkao mpya katika kila picha; Miles anabakizwa katika mkao mmoja kwa picha mbili. Kwa hiyo katika sekunde ileile, chini ya miti ileile, Peter ana mikao 24 na Miles ana 12. Jicho haliwezi kuhesabu, lakini linahisi. Kijana anakatikakatika, anachelewa kidogo, na kadiri anavyoushika mdundo wa kuning'inia ndivyo mwili wake unavyolainika. Hasimami mtu kutuambia kwamba Miles ameanza kujifunza.

Mashujaa wa kuruka maghorofa tumewaona wengi, na wengine wamekwisha kutuchosha. Filamu hizi za Spider-Verse ninazirudia kwa sababu ndani yake uchoraji ndio msimulizi. Ziondolee mstari na nukta, na hadithi yenyewe itapungua.

Miles si wa zamani sana. Mwandishi Brian Michael Bendis na mchoraji Sara Pichelli walimzaa kwenye kitabu cha katuni mwaka 2011: kijana wa Brooklyn, baba yake Mmarekani mweusi, mama yake mwenye asili ya Puerto Rico. Bob Persichetti, Peter Ramsey na Rodney Rothman, walioongoza filamu ya kwanza, pamoja na watayarishaji Phil Lord na Christopher Miller, walitaka tujione tumeingia ndani ya kitabu hicho. Kusema hivyo ni rahisi. Sekunde 10 za mwanzo zilizowaridhisha ziliwachukua karibu mwaka mzima.

Waliondoa ule ukungu ambao kamera huuacha kitu kinapopita kwa kasi. Mahali pake wakachora mistari ya kasi, kama afanyavyo mchora katuni kwenye karatasi. Wakaondoa pia ule ufifio ambao lenzi huvipa vitu vilivyo mbali, wakaweka kosa la uchapaji: nyekundu na buluu zinaachana kidogo, kana kwamba karatasi ilisogea mashinini. Vivuli wakavijaza nukta, zile ambazo wachapaji wa vitabu vya bei nafuu walizitumia kupata rangi nyingi kwa wino mchache. Yaliyokuwa mapungufu ya kiwanda cha uchapaji yakafanywa lugha ya kusimulia, na kwa heshima kubwa.

Kazi iliyonishika zaidi ni mistari ya uso. Kompyuta hujenga uso wenye ujazo na kivuli, lakini haijui mahali ambapo mchoraji angekaza kalamu. Wachoraji wakachora mikunjo ya paji, ya kope, ya pembe za mdomo, juu ya umbo la kompyuta. Tabu ni kwamba uso ukigeuka kidogo tu, mstari unajikuta mahali pasipo pake. Wakatengeneza programu iliyojifunza kutoka kwenye michoro yao, ikawa inakisia mstari uende wapi katika picha inayofuata. Kisha mchoraji anarudi, anaangalia, anasahihisha. Matunda ya kazi hiyo yanaonekana juu ya paa, pale mwuaji aliyemkaba Miles anapoona uso ulio nyuma ya kinyago. Mwuaji huyo ni Aaron, ami yake. Hakuna hotuba. Mistari ya macho na paji inaachia, na mtu mzima aliyekuwa tishio filamu nzima anabaki kuwa ndugu wa baba aliyefumaniwa.

Halafu ule mruko kutoka juu ya jengo, ambao hata asiyempenda Spider-Man ameuona. Miles ameipulizia rangi nyeusi suti ya Spider-Man aliyemtangulia, amevaa koti lake na viatu vyake vya raba. Anajiachia, lakini vidole vyake bado vimenata kwenye kioo, na vipande vya kioo vinang'oka naye. Ninarudia kukitazama kioo hicho kila mara. Kingeweza kuachwa, na mruko ungekuwa mzuri vilevile. Kwa kuwekwa, tunajua kwamba anaruka akiwa bado anaogopa, mikono yake haijakubali. Kisha picha inapinduliwa: mji uko juu, Miles anaanguka huku macho yetu yakimwona anapanda kuuelekea. Filamu hiyo ilichukua Oscar ya katuni ndefu Februari 2019, na Ramsey akawa mtu mweusi wa kwanza kuipokea tuzo hiyo.

Filamu ya pili, ya Juni 2023, ina waongozaji wengine watatu: Joaquim Dos Santos, Kemp Powers na Justin K. Thompson. Thompson ndiye aliyesanifu mwonekano wa ile ya kwanza. Humo hadithi inapita katika malimwengu mengi, na kila ulimwengu una mkono wake. Mumbattan, mji wa Spider-Man wa India aitwaye Pavitr, imetoka kwenye vitabu vya katuni vya India vya miaka ya 1970. Adui mmoja ametoka kwenye karatasi za wachoraji wa Italia wa zama za Leonardo, na mabawa yake yanaonekana kama michoro ya kalamu. Hobie Brown, mpiga gitaa mwasi wa London, amechorwa kama mabango ya kubandika ukutani: mwili wake, koti lake na gitaa lake havibadiliki kwa kasi moja, kila kimoja kina mwendo wake, na rangi zake zinageuka wakati wowote. Ni mtu asiyekubali kupangwa, na hata picha zake hazikubali. Sauti yake ni ya Daniel Kaluuya, mzaliwa wa London ambaye wazazi wake ni Waganda. Mzaha wake mkavu umemkaa Hobie sawasawa.

Lakini kilele cha ufundi wa filamu hiyo, kwangu mimi, kiko sebuleni kwa Gwen Stacy, ambaye naye ni mtu wa buibui. Ulimwengu wa Gwen ni wa rangi za maji. Kuta hazina rangi ya kudumu. Zinafuata moyo wake. Anapojifichua kwa baba yake, polisi aliyekuwa akimwinda bila kujua anamwinda mwanawe, rangi zinachuruzika kama mchoro uliomwagiwa maji. Baadaye anaporudi na kuzungumza naye, wakati baba anaeleza uamuzi alioufanya kuhusu kazi yake, nyuma yao rangi za baridi zinaondoka polepole na zile za joto zinaingia. Wanapokumbatiana chumba karibu hakipo tena, yamebaki mabaka ya brashi. Jaribu kuitazama sehemu hiyo bila sauti. Utajua ni lini baba amesamehe, na ni lini binti ameamini.

Sauti nayo ina mafundi wake. Ule mlio unaomtangulia Prowler, yaani Aaron akiwa mwuaji, unaokata mgongo kila unaposikika, mtunzi Daniel Pemberton aliupata kwa kuupinda mlio wa tembo.

Sitasema kila kitu kimenyooka. Katika mji wa Nueva York, mamia ya watu wa buibui wanapomkimbiza Miles, kuna dakika ambapo macho yanashiba. Kila pembe kuna mzaha, kila mzaha unastahili kusimamishwa uangaliwe, na hadithi inakosa pa kupumulia. Nikilinganisha, naona filamu ya kwanza ilijua zaidi kuacha. Ilimweka Miles kwenye kiti, amefungwa kwa utando na mdomo umezibwa, na nje ya mlango baba yake akizungumza naye, akikiona kivuli chake chini ya mlango na kudhani mwana hataki kujibu. Mlango mmoja na watu wawili, na hakuna tukio katika filamu zote mbili linaloniumiza zaidi.

Ufundi wa namna hii una bei, na bei hiyo hulipwa na watu. Wiki chache baada ya filamu ya pili kutoka, vyombo vya habari vya Marekani viliandika malalamiko ya baadhi ya wahuishaji: saa nyingi mno, kazi iliyokwisha kukamilika ikirudishwa mwanzo tena na tena, na takriban watu 100 walioondoka kabla ya mwisho. Watayarishaji walijibu kwamba kubadilisha hadithi hadi iwe sawa ndiyo desturi ya kazi hiyo. Ninaisifu mistari ile picha kwa picha, kwa hiyo siwezi kuupuuza mgongo wa aliyeichora. Filamu ya tatu ilikuwa itoke Machi 2024, ikaondolewa kwenye ratiba, na sasa imepangiwa Juni 2027, chini ya Persichetti na Thompson. Mashabiki wengi wamelalamikia umbali huo. Mimi nauona ni afadhali. Kama miaka hiyo inawapa wachoraji nafasi ya kulala na kurudi mezani na macho mapya, iwe hivyo.

Natamani waitumie kupunguza. Ulimwengu mpya hatuuhitaji tena. Tumekwisha pewa wa kutosha. Buibui aliyemng'ata Miles mwaka 2018 alikuwa na namba 42 mwilini, namba iliyoonyeshwa wazi tukaipita, na miaka minne na nusu baadaye tukajua ametoka wapi: ulimwengu uliokosa shujaa kwa sababu buibui wake alichukuliwa. Huko ndiko Miles alikokwama. Baba yake wa huko amekufa, Aaron yuko hai, na kijana mwenye uso wake amesimama mbele yake akiwa amesukwa nywele, ndiye Prowler. Watu wawili wa uso mmoja, ndani ya chumba kimoja chenye giza la kijani na zambarau. Mwenye kalamu hapati mtihani mzuri kuliko huo, kwa sababu hapo suti wala rangi ya ngozi havisaidii; lazima tofauti itoke kwenye mstari, kwenye mwendo, kwenye namna kila mmoja anavyovuta pumzi.

Kuna jambo jingine wameliacha wazi. Miles aliporudi akidhani amefika nyumbani, alimwambia mama yake siri aliyokuwa ameibeba muda wote, akamwambia yeye ni Spider-Man, na mama huyo, Rio, akauliza huyo ni nani. Alikuwa mama wa ulimwengu mwingine. Ukiri ule, uliochorwa kwa upole wote ule, ulimfikia asiye wake. Rio wa Brooklyn, aliyekaa na mwanawe juu ya paa siku ya sherehe akimsihi asisahau alikotoka, bado hajaambiwa. Vita vya mwisho vitakuwepo, navyo vitachorwa vizuri, sina shaka. Mimi nataka wamwandalie mama huyo dakika tatu mezani, na wasizichore haraka.