Ubingwa wa Brandt na Klein Ulitoka kwenye Makasia

Katika mashindano ya kupiga makasia, mashua ya watu wawili yenye mshika usukani ni adhabu. Kila mpigaji ana kasia moja tu, huyu kulia, yule kushoto, na wawili hao wanamvuta wa tatu asiyepiga kasia. Mmoja akizidisha nguvu, mashua inapinda. Usukani ukitumika kuinyoosha, mwendo unapungua.

Waholanzi François Brandt na Roelof Klein, wa chama cha Minerva cha Amsterdam, waliingia katika shindano hilo kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 1900, katika mto Seine. Kwenye mchujo walishindwa na Wafaransa Martinet na Waleff, ambao usukani wao ulishikwa na mtoto. Hermanus Brockmann, mshika usukani wa Waholanzi, alikuwa na uzito wa kilo 60. Hata hivyo walifuzu, na kwa fainali wakampakia mvulana Mfaransa wa kilo 33, ambaye hata jina lake halikuandikwa.

Tangu hapo kila msimuliaji husimulia habari za mvulana huyo. Mimi nawatazama waliovuta.

Fuata pigo moja tu. Makasia yote mawili yanazama kwa wakati mmoja. Miguu inasukuma kwanza, mgongo unafuata, mikono inamalizia. Yakitoka majini, bapa zinalazwa zisikamate upepo, kisha viti vinateleza taratibu kurudi mahali pa kuanzia. Anayeharakisha hapo anaikaba mashua inayokwenda. Na wawili hao hawatazamani: mmoja anaona mgongo wa mwenzake, na huyo mwenzake anamhisi aliye nyuma yake kwa mtikisiko wa mashua tu. Kuelewana huko hujengwa kwa mazoezi ya muda mrefu, wala hakununuliki siku ya shindano.

Katika fainali Waholanzi walimaliza kwa dakika 7 na sekunde 34.2, Wafaransa, 34.4. Mashua zote mbili zilikuwa na mtoto kwenye usukani. Katika michezo hiyohiyo Brandt na Klein walipiga makasia pia kwenye mashua ya watu wanane, Brockmann akiwa usukanini, wakashika nafasi ya tatu.

Kumbadilisha mshika usukani kuliwaondolea tu mzigo ambao wapinzani wao hawakuwa nao. Zile sehemu mbili za kumi za sekunde zilitoka mikononi na miguuni mwa Brandt na Klein, na heshima ya ubingwa ule ni haki yao.