Fundi wa Mpakani

Ukichoma fimbo kwenye tope jeusi la kinamasi, iwe Butembo au Beni, vipovu hupanda. Ndani yake mna methani, gesi inayozaliwa majani yanapooza pasipo hewa. Kusini mwa mkoa huohuo wa Kivu Kaskazini, vilindini mwa Ziwa Kivu, kumelala kilomita za ujazo zipatazo 60 za gesi hiyo. Sehemu kubwa ya ile inayopanda taratibu haifiki juu. Huliwa njiani.

Mlaji ni bakteria. Makazi yake ni mpakani, pale methani ya chini inapokutana na oksijeni ya juu. Akishuka zaidi atakosa pumzi. Akipanda zaidi atakosa chakula.

Kifaa chake cha kazi ni kimeng'enya. Methani ni ngumu kuvunjika, na viwandani huhitaji joto kali. Yeye huivunja ndani ya maji baridi. Hukamata molekuli ya oksijeni, akaipasua kwa msaada wa atomu mbili za chuma. Nusu moja huipachika kwenye methani, ikawa methanoli. Nusu ya pili hugeuka maji. Hatua hii humgharimu nguvu. Anairudisha baadaye, methanoli inapogeuka formaldehidi, kisha asidi ya fomiki, mwisho kaboni dioksidi.

Shaba ikiwa tele, hutumia kifaa kingine, kinachochagua zaidi. Shaba ikiadimika, ndipo baadhi yao hutoa hiki cha chuma, chenye mkono mwepesi wa kushika hata kisicho chakula.

Kimojawapo ni trikloroethilini, kiyeyusho kilichotumika sana viwandani kusafisha grisi kwenye vyuma. Ni nzito kuliko maji, hivyo ikimwagika huzama hadi kwenye maji ya ardhini na kukaa humo miaka mingi. Husababisha kansa. Kimeng'enya huipachika oksijeni kama kinavyoipachika methani. Kinachotokea hakidumu: husambaratika chenyewe majini, na klorini ikabaki kloridi, ileile iliyomo katika chumvi ya mezani.

Watafiti wa Marekani waliliona jambo hili mwaka 1985, katika udongo uliolishwa gesi asilia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko Savannah River, jimbo la South Carolina, wahandisi walitumia visima vilivyolala ubavu chini ya ardhi iliyochafuliwa. Wakapuliza hewa iliyochanganywa na methani kidogo, wakaongeza naitrojeni na fosforasi.

Ustadi wao ulikuwa kwenye kipimo. Methani na sumu hugombea kifaa kilekile. Ukimlisha bakteria mfululizo, ameshiba na sumu inapita. Ukimnyima, nguvu zinamwishia. Wakapuliza methani kwa vipindi: wakampa, wakasimamisha, wakangoja, wakampa tena. Kazi ilifanyika katika ile nafasi ya kungoja.

Bakteria hapati chochote kwa kuivunja trikloroethilini. Hutumia nguvu aliyoichuma kwenye methani, na mabaki ya kazi huunguza kimeng'enya chake, akalazimika kuunda kingine. Isitoshe, hawezi kila kitu: tetrakloroethilini, yenye atomu nne za klorini badala ya tatu, humpita bila kuguswa. Kwa hiyo anayetaka kusafisha kisima kwa mkono wa fundi huyu na aanze kwa kupima maji, ajue ni sumu ipi iliyomo.