Kigae na Ufa: Uhakiki wa Sanaa ya Vikombe Vilivyovunjika

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika ufundi unaojadiliwa hapa methali hiyo inageuka: ufa haukuzibwa, kikombe kimepasuka, na ukuta unajengwa kwa vipande vyake. Katika nyumba kadhaa siku hizi huonekana fremu za vioo, sinia, vyungu vya maua na meza ndogo zilizopambwa kwa vigae vya vikombe na sahani. Wapo wanaoziona kazi hizo kuwa mapambo ya kupitishia wakati, na wapo wanaozisifu kwa kuwa zinapunguza taka. Maoni yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini hayatoshi kuihukumu sanaa. Uhakiki hauna budi kuuliza maswali mawili zaidi: kigae kilichopangwa upya kinasema nini, na kimetoka wapi?

Ufundi wenyewe si mgumu kuueleza. Kikombe huviringishwa ndani ya kitambaa kizito ili vipande visiruke machoni, kikapigwa nyundo kwa kiasi, kisha vipande vikapunguzwa kwa koleo. Sahani hutoa vigae bapa. Kikombe kina tumbo la mviringo, kwa hiyo vigae vyake sharti viwe vidogo, ama sivyo vitainuka pembeni na kukata mkono. Vigae hubandikwa kwa gundi au saruji juu ya ubao au chungu, vikaachwa vishike kwa siku nzima. Baadaye nafasi zilizobaki hujazwa saruji laini, na uso wote ukafutwa kwa kitambaa chenye unyevu kabla saruji haijakauka. Mkono wa kikombe, ambao haukubali kulala bapa, huweza kufanywa kulabu ya kutundikia funguo. Na kikombe kilichopoteza mkono tu hupandwa mrehani na kuwekwa dirishani.

Mpenzi wa ushairi ataiona hapo kazi anayoijua. Mtunzi naye hapokei maneno mapya. Huyapokea yakiwa yamekwisha kupita katika vinywa vya watu, akayakata kwa mizani na kuyapanga kwa vina. Nafasi kati ya kigae na kigae ni kama kituo katikati ya mshororo: ikiwa pana mno, kazi hutawanyika; ikizibwa kabisa, jicho halipati pa kupumzikia. Fundi asiyejua kupima nafasi hufanana na mtunzi anayejaza mizani kwa maneno yasiyo na kazi. Hesabu imetimia, lakini shairi halipo.

Hata hivyo, ustadi wa mkono pekee hautoshi. Yafikiriwe masinia mawili. La kwanza limetengenezwa kwa vikombe vipya vilivyonunuliwa dukani vikiwa vizima, vikavunjwa makusudi kwa kuwa rangi zake zinapatana na mapazia. La pili limetokana na seti ya vikombe 6 vya harusi, vilivyokaa kabatini miaka mingi vikitolewa kwa wageni tu, hadi siku moja kabati likayumba. Katika sinia hilo la pili kipande cha ukingo wa dhahabu kimewekwa katikati, waridi lililokatika nusu limeachwa nusu, na kitako chenye chapa ya kiwanda hakikufichwa. Sinia la kwanza huenda likawa na mpangilio safi zaidi. Lakini la pili lina jambo la kusema: watu wa nyumba hiyo wakilitazama humkumbuka aliyemimina chai na waliokuwa wakinywa. La kwanza limenunua ufa, nao ufa wa kununua hauna aliyeumia.

Tofauti hiyo haikuzuka leo wala mahali pamoja. Huko Chartres, Ufaransa, Raymond Isidore, aliyekuwa mfagiaji wa makaburi, alianza mwaka 1938 kupamba nyumba yake kwa vigae vya sahani na vikombe alivyookota njiani na majalalani. Hadi alipofariki mwaka 1964 alikuwa amefunika kuta, sakafu, vitanda, hata cherehani. Kazi yake haina ulinganifu wa mabwana wa usanifu, lakini kila kipande ndani yake kilikwisha kutupwa na mtu kabla hajakiinama kukiokota. Wajapani nao wana desturi ya kuunga chombo kilichovunjika kwa utomvu wa mti uliotiwa unga wa dhahabu, ili ufa uonekane badala ya kufichwa. Desturi hizo mbili zina jambo moja zisilokubaliana. Kwa Wajapani kikombe kinarudi kuwa kikombe na kunywewa tena. Kwa Isidore hakirudi. Kimekwisha kunywewa mara ya mwisho. Sanaa ya vigae ni ya namna hii ya pili, na kazi iliyo bora ni ile inayoukiri mwisho huo bila ya kuupaka rangi ya furaha tupu.

Kwa mtu wa pwani, mazungumzo haya hayawezi kubaki ng'ambo. Mababu walivipachika vyombo vya kauri katika chokaa tangu karne nyingi. Kwenye makaburi ya nguzo ya Mambrui karibu na Malindi, ya Kunduchi kaskazini ya Dar es Salaam, na ya Kaole karibu na Bagamoyo, bakuli na sahani za kutoka ng'ambo ziliingizwa katika plasta kuwa heshima ya marehemu. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate, madaka yalichongwa kwa safu ukutani, na sahani za sini zikawekwa humo kuonyesha hadhi ya wenye nyumba. Vyombo hivyo vilipangwa vikiwa vizima. Kuvunjika kulikuja baadaye, kwa mikono ya wakati na ya watu. Leo penye makaburi hayo mengi hubaki duara tupu katika chokaa, mahali ambapo bakuli lilikuwa.

Duara hilo tupu lilikwisha kupata mshairi wake. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anaipitisha nafsi yake katika majumba ya Pate yaliyoanguka, na kuionyesha kwamba madaka yaliyokuwa ya sahani sasa ni malazi ya makinda ya ndege. Mshairi huyo haokoti kigae hata kimoja. Hakusudii kuunga. Anataka moyo wa msomaji uone utupu na uzinduke kutoka katika ghururi ya dunia. Kwa kipimo chake, anayeyajaza tena madaka kwa mapambo hajalielewa somo. Hapo ndipo sanaa ya vigae inapokutana na mtihani wake mkubwa kwa wasomaji wa pwani. Je, inaponya jeraha, au inaliziba ili lisisomwe?

Swali hilo si la nadharia tu. Katika Lamu masonara huvisha fedha vigae vya kale vilivyookotwa ufukweni na magofuni, vikawa pete na vidani vya kuuzwa. Ni kazi za mkono wa ustadi, na buluu ya sini ndani ya fedha humvutia kila mwenye macho. Lakini vigae hivyo si sawa na vya seti ya harusi iliyoanguka jana. Mwaka 1955 Mortimer Wheeler, mwanaakiolojia wa Uingereza aliyetembelea pwani ya Tanganyika, aliona kwamba historia iliyozikwa katika ardhi hiyo imeandikwa kwa vigae vya China. Aliyasema hayo kwa sababu kigae kilichobaki katika tabaka lake la udongo humwambia mtaalamu ni lini nyumba ilikaliwa na ni bandari gani ilifanya nayo biashara. Kikishatolewa hapo na kusuguliwa ili kitoshe kidole, huwa kizuri lakini bubu. Nchini Kenya, Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 huhesabu kuwa mambo ya kale kitu kinachohamishika, kisicho kitabu wala hati, kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895. Kwa hiyo kigae kidogo cha buluu nacho kimo katika hesabu ya urithi.

Watetezi wa biashara hiyo wana hoja ya kusikilizwa. Husema kwamba bahari ingevisaga vigae hivyo viwe mchanga, na kwamba sonara ana watoto wa kulisha. Hoja ya kwanza ina uzito kwa kigae ambacho maji yamekwisha kukizungusha na kukitoa mahali pake; haina uzito kwa kigae kilichochokolewa kaburini au kufukuliwa gofuni. Hoja ya pili ni ya kweli, lakini riziki hiyo haihitaji kaburi. Vikombe vidogo vya muuza kahawa, vinavyogonganishwa mkononi kuwaita watu wa barazani, huvunjika. Vyombo vya kuazimana katika harusi na matanga hurudi vikiwa pungufu. Bakuli za maua za kutoka Maastricht, Uholanzi, zilizoletwa kwa wingi pwani katika karne ya 19, zinapaswa kuachwa na wenzake wa kale. Lakini vikombe vya chai vya dukani vya miaka hii havina mlinzi wala havimkoseshi mwanahistoria chochote. Vigae vya leo vinatosha kazi ya leo.

Kwa msingi huo hukumu ya kazi hizi inawezekana. Kazi nzuri ya vigae huanza na chombo kilichovunjwa na maisha ya nyumba, huacha alama ya chombo hicho isomeke, na huipima nafasi kama mtunzi anavyopima kituo. Kazi dhaifu hununua uvunjikaji au huuiba. Kazi ya namna ya kwanza haipingani na mshairi wa Pate, kwa kuwa haidai kwamba kikombe kimerudi. Maji yakimwagika hayazoleki, na chai iliyokuwamo katika kikombe kile imekwisha kumwagika. Vigae vyake peke yake ndivyo vinavyozoleka, na mwenye kuvizoa nyumbani kwake ana haki ya kuvipanga. Ama vile vilivyomo makaburini na magofuni, vimekwisha kupangwa na wenyewe.