Hodi ya Upande Mmoja

Msome A5/1, msimbo uliobuniwa miaka ya 1980 kufumba maongezi ya simu za GSM yanapopita hewani, na kwanza utahesabu mizani: mishororo mitatu ya biti 19, 22 na 23. Jumla 64, sawa na urefu wa ufunguo.

Utamu wake uko katika mwendo. Kila mshororo una biti moja ya kupigia kura. Zinazokubaliana husogeza mishororo yao hatua moja. Iliyobaki peke yake, mshororo wake husimama. Wengi wape. Asiye na ufunguo atajuaje nani alikwama, na lini? Ukishamezeshwa ufunguo na namba ya fremu, msimbo huzungushwa mara 100 na kinachotoka hutupwa. Ndipo hutoka biti 228: 114 za kufumba kinachokuja kwako, 114 za kufumba unachosema. Hii ni kazi ya fundi, hata kama ufunguo ulikuja kuwa mfupi mno (na laini zilizotumia COMP128 ya awali, kanuni ya kuzaa ufunguo, zilijaza sifuri tupu kwenye biti 10 kati ya hizo 64). Mwaka 2009 Karsten Nohl na wenzake walianza kuandaa majedwali ya kuufumbua msimbo huu.

Wahakiki wengi huishia hapo. Mimi narudi kwenye dibaji, kabla msimbo haujaanza. Simu inapiga hodi. Mtandao unaitupia namba ya kubahatisha ya biti 128. Kwa siri iliyomo ndani yake, laini inajibu kwa biti 32, na siri ileile inazaa ufunguo. Majibizano yanaishia hapo. Simu haiulizi, "Na wewe nani?" Mgeni wa kwetu hamuulizi mwenyeji jina kwa sababu nyumba anaijua. Simu haiijui nyumba. Huufuata mnara unaosikika vizuri zaidi. Kisha ni mnara huohuo unaoamuru msimbo utakaotumika, na A5/0, yaani maneno wazi, imo kwenye orodha. Mwenye mnara wa bandia ana haja gani ya majedwali?

Kanuni za GSM zinataka simu imwonye mtumiaji maongezi yasipofumbwa. Ila ndani ya laini imewekwa biti moja inayompa mwenye mtandao uwezo wa kulizima onyo hilo. Katika andiko zima, hiyo ndiyo biti niliyoisoma mara mbili.

3G iliisahihisha dibaji hiyo: mtandao nao ukatakiwa kujitambulisha. Lakini simu nyingi, 3G ikipotea, hushuka zenyewe kwenye 2G, yaani GSM, na kupiga hodi kwa mtindo wa zamani.